Henry Carey: wimbo ulibaki, mwenyewe akasahaulika

Waingereza wakitaka kumdharau mtu legelege, humwita namby-pamby. Nililijua neno hilo miaka mingi kabla ya kujua kwamba kuna mtu alilibuni, na kwamba maisha yake yaliishia pabaya.

Mtu huyo ni Henry Carey, mshairi na mtunzi wa nyimbo wa London. Mwaka 1725 alimtania mshairi mwenzake, Ambrose Philips, aliyekuwa akiandika vishairi vya kuwabembeleza watoto wa wakubwa. Carey aliligeuza jina la Ambrose kama linavyotamkwa na mtoto anayejifunza kusema, akatunga shairi zima kwa sauti hiyo hiyo. Philips hakupona. Alexander Pope naye akalidaka jina, na mpaka leo limo kwenye kamusi.

Lakini Carey ninayempenda mimi ni yule wa "Sally in Our Alley". Alisimulia mwenyewe kwamba siku moja ya mapumziko alimfuata kimyakimya mwanagenzi wa fundi viatu aliyemtoa mchumba wake matembezi. Wakatazama vikaragosi, wakapanda bembea, wakala maandazi na nyama, wakashushia na pombe ya chupa. Carey akarudi kuandika. Rafiki zake walimcheka: mapenzi ya fundi viatu nayo ni ya kutungiwa wimbo? Mwandishi mashuhuri Joseph Addison akausifu, na mji mzima ukauimba.

Mwaka 1737 akaja na "The Dragon of Wantley", muziki ukiwa wa John Frederick Lampe. Wakati huo matajiri wa London walikuwa wamelewa opera za Kiitaliano. Basi Carey akawapa opera yenye mbwembwe zote zile, ila shujaa wake anakunywa pombe kwanza, kisha analiua joka kwa teke la nyuma! Watu walifurika.

Sasa jiulize, pesa zilikwenda wapi? Sheria ya hakimiliki ya 1710 ilitaja vitabu. Nyimbo zikaachwa njia panda. Wachapishaji walizichapa bila kumlipa, naye akalalamika waziwazi. Oktoba 1743 alijiua, akaacha mjane na watoto.

Mwanawe, George Savile Carey, baadaye alidai kwamba baba yake ndiye aliyetunga "God Save the King", wimbo ule ule ambao babu zetu waliimbishwa shuleni enzi za mkoloni. Aliomba malipo ya uzeeni kwa ajili hiyo, akakosa. Wanahistoria wengi hawaukubali ushahidi wake, na mimi pia sishawishiki. Ila namwelewa: alikuwa anadai chochote kutoka kwa nchi iliyoimba kazi za baba yake bure.

Hata "Sally" hakusalimika. Baadaye maneno ya Carey yalipachikwa kwenye lahani nyingine, na hiyo ndiyo iliyozoeleka.