Paul Williams: Yatima Aliyewachorea Wengine Nyumba

Paul Revere Williams alizaliwa Los Angeles tarehe 18 Februari 1894. Wazazi wake walikuwa wamehamia huko kutoka Memphis, Tennessee. Kifua kikuu kilimchukua baba, kisha miaka miwili baadaye kikamchukua mama, na Paul akabaki yatima akiwa na umri wa miaka minne. Ndugu yake Chester alipelekwa kwa walezi wengine. Huenda ndiyo sababu mtu huyu, alipokuwa mkubwa, aliipenda nyumba kuliko jengo lingine lolote.

Shuleni alipotaja kwamba anataka kuwa msanifu majengo, mwalimu alimkatisha tamaa: wazungu hawatampa kazi, na watu weusi hawana fedha za kujenga. Hakukata tamaa, akasomea uhandisi Chuo Kikuu cha Southern California. Mwaka 1917 akamwoa Della Mae Givens, akapata leseni mwaka 1921, na miaka miwili baadaye akawa Mmarekani Mweusi wa kwanza kukubaliwa katika taasisi ya wasanifu majengo ya nchi hiyo.

Maneno ya mwalimu hayakuwa ya uongo kabisa. Wako wateja waliovutiwa na sifa zake wakaja ofisini, lakini walipoona rangi yake wakatafuta udhuru wa kuondoka. Williams alijua kwamba wengine hawangependa kukaa naye bega kwa bega juu ya karatasi moja. Basi akajifunza kuchora kichwa chini miguu juu: yeye huku, mteja ng'ambo ya meza, na nyumba ikajitokeza mbele ya macho ya mteja ikiwa imekaa sawasawa. Mteja akistaajabia mkono ule, husahau rangi ya mchoraji. Alipokagua ujenzi alifumbata mikono mgongoni, ili anayetaka kumpa mkono atangulie mwenyewe na asiyetaka asiaibike. Kuna watakaouita unyenyekevu. Mimi naona ni hesabu ya baba mwenye watoto wawili wa kulisha, Marilyn na Norma.

Kazi zikamiminika. E. L. Cord, tajiri wa magari, alipotaka michoro ya jumba la Beverly Hills, Williams aliahidi kuileta kesho yake, akakesha, akaipeleka, akashinda kazi. Baadaye alizichorea nyumba familia za Frank Sinatra na Lucille Ball. Wengi humpa pia sifa ya lile jengo lenye matao kama miguu ya buibui katika uwanja wa ndege wa Los Angeles. Ukweli ni kwamba hapo alikuwa mmoja tu wa kundi la wasanifu.

Lakini mitaa mingi aliyoipamba haikumruhusu kuishi humo. Hati za viwanja ziliandikwa masharti: mtu mweusi haruhusiwi kukaa, labda awe mtumishi. Akitoka kwenye majumba yale, Williams alirudi kwenye nyumba ndogo alimokaa na Della na binti zao. Mahakama Kuu ya Marekani ilipoamua mwaka 1948 kwamba masharti hayo hayawezi tena kutekelezwa mahakamani, mlango ulifunguka, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 akajenga nyumba ya familia yake katika mtaa wa Lafayette Square. Alikuwa amekwishapita miaka hamsini na mitano. Norma alikuja kuwa mpambaji wa nyumba, akashirikiana na baba yake kazini.

Rafiki yake Danny Thomas, mchekeshaji, alipotaka kujenga hospitali ya watoto isiyobagua rangi wala mfuko wa mzazi, Williams alimchorea bila malipo. Hospitali hiyo, St. Jude, ilifunguliwa mwaka 1962 huko Memphis, mji walikotoka wazazi wake.

Alistaafu mwaka 1973 na kufariki Januari 1980. Ghasia za Los Angeles za mwaka 1992 ziliteketeza benki iliyohifadhi baadhi ya nyaraka zake, na kwa muda mrefu watu waliamini kwamba kila kitu kimeungua. Kumbe maelfu ya michoro yalikuwa salama mikononi mwa mjukuu wake, Karen Hudson, ambaye pia aliandika vitabu kumhusu babu yake. Mwaka 2017 taasisi ile ya wasanifu ilimtunukia Medali ya Dhahabu, mtu mweusi wa kwanza kuipata. Ilichelewa miaka 37 tangu azikwe, na hakuna udhuru wa kuchelewa huko.