Mche wa Glenmorgan
Sisi wa nyanda za kahawa mgrivea tunaujua kwa kivuli na mbao. Vichaka vya ukoo wake ni wachache waliovisikia. Kimoja mashuhuri kilichipuka mwaka 1963 huko Glenmorgan, Queensland, kwenye shamba la kondoo la David Gordon. Mzazi mmoja wa kichaka hicho asili yake Queensland, mwingine Australia Magharibi. Porini wasingekutana kamwe. Gordon aliwakusanya bustanini, mengine wakayamaliza wenyewe. Namsifu kwa kutoung'oa mche ule kama gugu. Akaupa jina la bintiye, Robyn Gordon, aliyefariki angali kijana. Kichaka hiki huchanua karibu mwaka mzima, maua mekundu, ila ni tasa: huzalishwa kwa vipande vya matawi. Wengine wakikigusa huwashwa ngozi, na bado wanakipanda.