KUTOKA CHOONI HADI SHAMBANI: HISTORIA FUPI YA MBOLEA



Katika toleo hili la ukumbusho wengi wataandika juu ya safari yetu, juu ya shule, na juu ya ndugu tuliowazika njiani. Mimi nimechagua kuandika juu ya choo. Msicheke. Waswahili husema, mficha uchi hazai.

Kila masika inapokaribia, ubishi uleule hurudi kwenye bustani zetu za mboga. Wako wanaosema: mbolea ya dukani ni ghali, udongo umechoka, na shimo la zamani limejaa, kwa nini tusilichote tukamwaga shambani? Wako wengine, hasa waliopita Goma, wanaosema: kamwe! Historia inaonyesha kwamba pande zote mbili zina jambo la kweli.

Wazee wa mashariki

Kwa karne nyingi wakulima wa China na Japani walirutubisha mashamba kwa kinyesi cha watu. Katika mji wa Edo, ambao leo ni Tokyo, waliishi watu wapatao milioni moja katika karne ya 18. Kinyesi cha wapangaji kilikuwa mali ya mwenye nyumba, naye aliwauzia wakulima. Huko Shanghai mwaka 1908 mkandarasi mmoja alilipa dola 31,000 za dhahabu apewe ruhusa ya kukusanya kinyesi katika sehemu moja ya mji. Alipata tani zipatazo 78,000 kwa mwaka. Hakuna mtu anayelipa fedha hizo kwa kitu kisicho na faida.

Lakini faida hiyo ilikuwa na gharama yake. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, zaidi ya nusu ya Wajapani walikuwa na minyoo ya tumbo. Mayai ya minyoo yalitoka chooni, yakaenda kwenye mboga, yakarudi tumboni. Ilibidi shule zipime kinyesi cha wanafunzi na kuwapa dawa kwa miaka mingi.

Wazungu na mito yao

London ilichukua njia nyingine: ilitupa uchafu wake katika mto Thames, na watu wakanywa maji ya mto huohuo. Mwaka 1854 daktari John Snow alionyesha kwamba kipindupindu cha mtaa wa Broad Street kilitokana na maji ya pampu moja. Mwaka 1858 mto ulinuka hata wabunge wakashindwa kukaa karibu na madirisha, ndipo injinia Joseph Bazalgette akapewa kazi ya kujenga mifereji mikubwa ya chini ya ardhi. Watu wakapona, lakini rutuba ikaenda baharini. Mtaalamu wa kemia wa Ujerumani, Justus von Liebig, alilalamika kwamba miji inakula udongo wa mashamba bila kuurudishia kitu.

Mwaka 1914 Edward Ardern na William Lockett wa Manchester walitangaza njia mpya. Maji taka yanapulizwa hewa, bakteria wanakula uchafu, kisha tope linatuama chini. Mji wa Milwaukee, Marekani, ukaanza mwaka 1926 kukausha tope hilo kwa joto kali na kuliuza kama mbolea kwa jina la Milorganite. Bado inauzwa.

Hata hivyo, mtambo unaoua vijidudu hauondoi sumu ya viwandani. Mwaka 1993 serikali ya Marekani iliweka viwango vya vijidudu na vya madini kama risasi na zebaki katika tope la mashambani. Mwaka 2022 jimbo la Maine lilipiga marufuku kabisa kulimwaga shambani, kwa sababu kemikali ziitwazo PFAS zilikutwa katika udongo na maziwa ya wafugaji.

Goma, 1994

Hapa sihitaji kueleza sana, maana wako kati yetu walioona. Julai 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi walijikuta juu ya mawe ya volkano, mahali ambapo shimo la choo halikuchimbika. Katika mwezi wa kwanza walikufa watu karibu 50,000, wengi kwa kipindupindu na kuhara. Anayesema "kamwe" hasemi kwa ujinga.

Muda na joto

Je, maskini asiye na mtambo afanyeje? Kaskazini mwa Vietnam, tangu mwaka 1956, wizara ya afya ilieneza choo cha vyumba viwili. Kimoja kinatumika, kingine kimefungwa. Kila mtu akimaliza anamwaga majivu, na mkojo unapita pembeni. Haiti, baada ya tetemeko la Januari 2010, shirika la SOIL liliweka vyoo vya mapipa katika kambi za waliopoteza nyumba. Mapipa yalipelekwa mahali maalumu, yakachanganywa na makapi ya miwa, na lundo likapanda joto lenyewe hadi vijidudu vikafa.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2006. Katika nchi za joto kama zetu, kinyesi kikavu kihifadhiwe zaidi ya mwaka mmoja bila kuongezwa kingine kipya. Kisha kifukiwe udongoni kabla ya kupanda, na upite angalau mwezi kabla ya kuvuna. Haraka haraka haina baraka.

Ombi langu

Kwanza, mtu asichote shimo la choo usiku kwa siri. Anahatarisha watoto wa mtaa mzima. Pili, tusitupe betri, dawa wala plastiki chooni, maana sumu hiyo haiozi. Tatu, shimo lililojaa lifukiwe vizuri na mti wa matunda upandwe juu yake, kama wanavyofanya wanavijiji wa Zimbabwe na Malawi. Hapo hakuna anayegusa kitu. Nne, naomba Kamati na ndugu zetu wa afya na maji watenge eneo moja la majaribio, lenye uzio, glavu na buti, na daftari la tarehe za kufunga na kufungua. Mboga ziliwazo mbichi zisipandwe hapo.

Udongo tunaoulima tumeazimwa na wenyeji wetu. Tuurudishe ukiwa na rutuba, wala tusiuache na maradhi.



Mwalimu wa shule ya msingi