Tulizika Warriors Wakiwa Hai

Wacha niseme ukweli mchungu kwa niaba ya mashabiki wa Lakers: Oktoba 2021 tulikosea, na tulikosea vibaya. Tulisema Warriors wameisha. Miezi minane baadaye wakabeba kombe.

Turudi nyuma kidogo. Kati ya 2015 na 2019, Golden State Warriors walicheza fainali tano mfululizo za NBA na kushinda tatu. Halafu mambo yakaharibika. Kwenye fainali za 2019 Kevin Durant aliumia kisigino, Klay Thompson akaumia goti. Durant akaenda zake Brooklyn. Msimu uliofuata Stephen Curry akavunjika mkono mapema, timu ikamaliza na ushindi 15 na vichapo 50. Walikuwa wa mwisho kwenye ligi nzima. Novemba 2020 Klay akaumia tena, safari hii kisigino.

Sisi nasi tulikuwa tumetoka kuchukua ubingwa wa 2020. Mei 2021 tukakutana nao kwenye mechi ya kutafuta nafasi ya mchujo. LeBron James akarusha ule mpira wa mbali dakika ya mwisho, tukashinda 103-100. Siku mbili baadaye Memphis wakawafungia msimu. Nani hangecheka?

Kabla ya msimu mpya, Lakers wakaleta Russell Westbrook, Carmelo Anthony na Dwight Howard. Tukasoma hayo majina, tukajipa ubingwa.

Sasa cheki hesabu yetu. Tulisema Curry amezeeka, ana miaka 33. Wakati huo huo tunashangilia Carmelo wa miaka 37 na Howard wa 35, na LeBron wetu ana 36! Kwao umri ulikuwa uzee, kwetu ulikuwa uzoefu.

Mechi ya kwanza tuliamkia saa kumi na moja alfajiri. Warriors wakatupiga 121-114, na tulikuwa nyumbani Los Angeles. Tukasema hiyo ni mechi moja tu. Wakashinda 18 kati ya 20 za kwanza. Tukasema ngojeni mchujo. Wueh! Lakers walimaliza na ushindi 33 na vichapo 49, nafasi ya 11 Magharibi. Huo mchujo tuliouongelea hatukuuona.

Kuna wasee bado wanasema ni majeraha. Kweli, LeBron alicheza mechi 56 na Anthony Davis 40. Lakini Klay alicheza 32 na Draymond Green 46. Wetu wakiumia ni bahati mbaya, wao wakiumia ni mwisho wao?

Kitu hatukuona ni kazi iliyofanyika tukiwa tunacheka. Jordan Poole aliingia ligi kwenye ule msimu wa vichapo 50. Andrew Wiggins, ambaye wengi walishamwandika kuwa hasara, aliletwa katikati ya msimu huo huo. Fainali ya 2022 dhidi ya Boston, Curry alifunga pointi 43 mechi ya nne, na mechi ya tano Wiggins akaweka pointi 26 na rebaundi 13. Alfajiri ya 17 Juni, saa za kwetu, ikaisha 103-90. Curry akatajwa Mchezaji Bora wa Fainali kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Hatukukosa habari. Matokeo, umri na majeraha yote tuliyajua. Shida ni kwamba tulichukua tunachotamani kitokee, tukakiita utabiri. Na kuna watu waliweka pesa yao juu ya hiyo tamaa.

Kwa hivyo siku hizi nina kipimo kimoja. Kabla sijasema timu ya mahasimu imeisha, naivalisha jezi yangu kichwani. Wachezaji wale wale, miaka ile ile, majeraha yale yale. Je, bado ningesema wameisha? Kama jibu linabadilika, basi hapo hakuna utabiri. Ni chuki tu, na chuki haijawahi kusoma mchezo.