Ukuta Unaobeba

Mwenye nyumba wa Chato anapotaka kuunganisha sebule na chumba cha mbele apate fremu moja ya duka, swali lake kwa fundi ni hili: ukuta huu unatoka? Kitaalamu huulizwa kama ni "ukuta wa kubeba mzigo". Mtu angeweza kuuita "ukuta mhimili", na neno hilo lina heshima yake tangu mihimili ya dola, lakini linaufanya ukuta uonekane umezaliwa hivyo. Kubeba ni tendo, nalo hudai kitu kinachobebwa. Nautetea msemo "ukuta unaobeba" kwa sababu ukishautamka lazima uulize: unabeba nini?

Unene hautoi jibu. Nyumba nyingi za matofali ya kuchoma zina kuta za unene uleule ndani na nje, na kugonga kwa ngumi hakusemi kitu. Jibu liko juu ya dari. Kenchi kamili, ambayo boriti yake ya chini inavuka kutoka ukuta mmoja wa nje hadi wa pili, hupeleka uzito wa mbao na mabati kwenye kuta hizo mbili. Ukuta wa katikati unagawa vyumba tu. Lakini mbao zilipokuwa fupi, fundi aliziungia juu ya ukuta wa katikati, au alisimamisha kipande cha mti juu yake kushikilia papi. Nje nyumba hizo zinafanana kabisa. Panda na tochi, kagua maungio hayo kabla ya kushika nyundo.

Atasema mtu kwamba lenta ya zege inazunguka nyumba nzima, hivyo itashikilia. Lenta ile iliwekewa nondo za kuvuka mlango wa sentimita 90. Ukiiacha wazi kwa mita 3.6, mara nne ya hapo, nguvu ya kuipinda huongezeka mara 16 kwa mzigo uleule wa kila mita. Na jirani aliyevunja ukuta, nyumba ikabaki imesimama? Matofali ya juu ya tundu huweza kujishikilia kwa muda kwa umbo la upinde. Ufa huja baadaye, ukipanda mshazari kutoka pembeni.

Pingamizi gumu ni jingine: upo ukuta usiobeba chochote kutoka juu, ila unazizuia kuta ndefu zisiyumbe, na neno "mzigo" haliugusi. Tetemeko la 10 Septemba 2016, la ukubwa wa 5.9, liliangusha nyumba nyingi Kagera, mkoa uliokuwa na Chato hadi Geita ilipoanzishwa 2012. Msukumo wake ulikuwa wa ubavuni. Ukuta wa namna hiyo nauita "ukuta unaoshikiza", na istilahi zetu zinauhitaji. Ukilazimika kuutoboa, acha vipande vya ukuta pande zote mbili, weka boriti juu, na mirunda isitolewe mpaka zege likomae.