Miwani, Lenzi na Namba: Historia Fupi ya Istilahi za Macho

Makala haya yanakusudia kueleza kwa muhtasari historia ya istilahi chache zinazohusu miwani, na kuonyesha kwamba usanifishaji wake si shughuli ya wataalamu peke yao. Mkazi wa Mbagala au Mwananyamala anapotoka katika chumba cha kupimia macho, mkononi ana karatasi yenye tarakimu na alama za kujumlisha na kutoa. Karatasi hiyo ndiyo atakayoipeleka kwa fundi wa miwani. Asipoielewa, hana njia ya kujua kama alichouziwa ndicho alichoandikiwa.

Tuanze na neno lenyewe. Miwani ni neno lililokwisha kuota mizizi kabla ya Baraza la Kiswahili la Taifa kuundwa mwaka 1967. Kwa umbo lake mtu angelidhani kuwa ni wingi, kama miti na mikono, na kwamba umoja wake ni mwani. Lakini mwani ni mmea wa baharini, ule unaolimwa na akina mama wa Unguja na Pemba. Kwa hiyo wasemaji waliliacha kama lilivyo: miwani yangu imevunjika, miwani zetu zimevunjika. Ndiyo sababu kusema "jozi ya miwani" ni kuongeza neno lisilohitajika, kwani Mswahili huhesabu chombo kizima wala hahesabu vioo vyake.

Chombo chenyewe kina umri mkubwa. Elimu ya nuru na kuona iliandikwa kwa mapana na Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi Misri katika karne ya 11. Miwani za kwanza zilitengenezwa kaskazini ya Italia mwishoni mwa karne ya 13, nazo zilikuwa na vioo vilivyobinuka, vya kuwafaa wazee wasomao. Kioo hicho kilifananishwa na punje ya adesi: kwa Kilatini adesi ni lens, na kwa Kiarabu kioo hicho huitwa adasa. Kiswahili kilikuwa na adesi chunguni, lakini lenzi ilitufikia kwa njia ya Kiingereza, pamoja na masomo ya sayansi. Hata hivyo, vifafanuzi vyake viliundwa nyumbani: lenzi mbinuko kutokana na kubinuka, na lenzi mbonyeo kutokana na kubonyea. Mwanafunzi wa shule ya msingi hahitaji kamusi hapo, kwa kuwa kitenzi chenyewe kinamchorea umbo.

Namba nazo zina historia yake. Mwaka 1872 daktari Mfaransa Ferdinand Monoyer alipendekeza kipimo cha dioptri. Lenzi mbinuko ya dioptri 2 hukusanya miale itokayo mbali katika umbali wa nusu mita. Ya dioptri 4, katika robo mita. Lenzi mbonyeo, ambayo hutawanya miale, hupewa alama ya kutoa. Wananchi hawakusubiri kamati yoyote: waliita kipimo hicho namba, na hadi leo husema "miwani ya namba". Neno hilo ni zuri, lakini halitoshi. Karatasi moja yaweza kubeba nguvu ya lenzi ya kila jicho, nguvu ya silinda na nyuzi za mhimili wake kwa mwenye astigmatizimu, na umbali baina ya mboni kwa milimita. Fundi akikosea umbali huo, vitovu vya lenzi havitaelekeana na mboni, na mvaaji ataweza kuchoka macho ingawa namba nyingine zote ni sahihi. Miwani za kusomea zinazouzwa zikiwa tayari hazina kipimo cha mtu: lenzi zake mbili kwa kawaida ni za nguvu moja, wala hazina silinda.

Penye utata zaidi ni majina ya kasoro zenyewe. Baadhi ya waandishi huita kasoro ya kwanza "uoni wa karibu", wakitaja kile ambacho jicho linaweza. Wengine huiita "kutoona mbali", wakitaja lililoshindikana. Mzazi wa Temeke akiambiwa kwamba mwanawe ana uoni wa karibu, atajuaje kama ni sifa au kasoro? Mtoto anayehitaji lenzi ya kutoa 2 huona sawasawa mpaka nusu mita tu, na ubao uko mbali zaidi ya hapo. Jina lisipoeleweka, mtoto huyo ataitwa mvivu.

Yapo mapingamizi. Kuona mbali katika Kiswahili ni busara, hivyo kutoona mbali kwaweza kusikika kama tusi. Tena jicho la mtu wa makamo hushindwa na maandishi ya karibu kwa sababu ya umri, wala si sawa na jicho la kijana lenye kasoro ya umbo. Tunapendekeza basi jicho litajwe daima: jicho lisiloona mbali, jicho lisiloona karibu, na jicho la uzeeni. Istilahi hizi ni ndefu, lakini hazimdanganyi mtu.

Taaluma yenyewe imekwisha kupata jina katika sheria, kwani Sheria ya Optometria ilipitishwa mwaka 2007. Kazi iliyobaki ni kuyafikisha majina ya vipimo mpaka kwenye karatasi ya mgonjwa, yaandikwe kwa Kiswahili kando ya kila tarakimu. Hapo mwananchi ataweza kuuliza swali lake mbele ya fundi, kabla hajalipa.