Makaburi moja, kanisa mbili: namna Waingereza walivyogawana hata kwenye maziko

Katika makaburi mengi ya zamani ya miji ya Uingereza kuko kanisa ndogo mbili zenye kufanana kama mapacha. Si juu ya wingi wa watu. Ni kwa sababu wakaaji hawakupatana juu ya nani aombee maiti.

Nyingi zilijengwa wakati wa malkia Victoria, aliyetawala kutoka 1837 mpaka 1901. Zamani wafu walizikwa kwenye uwanja wa kanisa ya parokia. Lakini London ilikua mbio, viwanja vikajaa, na kolera ya 1832 ikaongeza woga. Makampuni yakaanza kufungua makaburi mapya inje ya muji. Kule ilihitajika nyumba ya kuweka sanduku na kufanya maombi, hapana ya ibada ya kila siku ya yenga.

Makaburi ya Kensal Green, yaliyofunguliwa 1833, yanaonyesha ugomvi ule. Arshitekte John Griffith alichora kanisa zote mbili kwa mfano wa mahekalu ya Wagiriki, na nguzo mbele. Ile ya Waanglikana ni kubwa, iko kwenye udongo uliobarikiwa na askofu; chini yake kuko vyumba vya wafu, na mashini ya kushusha sanduku mpaka kule. Ile ya Waprotestanti wenye walikataa kanisa ya serikali ni ndogo, imewekwa pembeni, upande wa mashariki.

Kuanzia 1852, sheria mpya ziliruhusu makaburi yajengwe kwa kodi ya raia. Wote walilipa, kwa hiyo fasi nyingi walijenga kanisa mbili za kipimo kimoja, zenye kuunganishwa na tao, na munara mrefu juu yake. Gari ya farasi yenye kubeba maiti ilipita chini ya tao. Mfano wa Wagiriki uliachwa. Wengi walichagua gotiki, yenye madirisha ya ncha na paa la kusimama wima.

Abney Park, pia London, ilifuata njia ingine. Mwaka 1840 William Hosking alijenga kule kanisa moja tu, na udongo haukubarikiwa na askofu: kila dini ilipita mulango uleule. William Booth, mwanzilishi wa Jeshi la Wokovu, aliyekufa 1912, amezikwa kule.

Ni 1880 tu sheria iliruhusu jamaa kuleta muchungaji wao hata kwenye uwanja wa parokia. Kanisa mapacha nyingi zingali zimesimama. Ukubwa wa kila moja na fasi ilipowekwa vinaonyesha nani alihesabiwa sawa na mwenzake.